Asumini Kwenye Masharubu

Kling, kling, kling, kimya kidogo, halafu kling. Mpaka leo nausikia mlio huo vilevile: vijiko vikikoroga sukari kwenye vikombe vya bati, barazani, chini ya dirisha la chumba tulicholala mimi na mama mdogo, Kariakoo. Ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kuamkia. Mama mdogo alikuwa ameshaamka tangu adhana, keshakanda, keshasukuma, keshachoma, na mimi bado nabishana na shuka. Nilijua nani amefika kwa mkorogo wake. Fundi cherehani wa nyumba ya nne alikoroga taratibu, kama anayepima kitambaa cha mteja mkorofi. Wachukuzi wa sokoni walizungusha mara mbili kwa nguvu, basi. Dereva, mpangaji mwenzetu wa chumba cha nyuma, hakukoroga kabisa. Aliiacha sukari ikae chini ili aikute mwisho, aile kwa kijiko kama uji.

Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mzaliwa wa mjini hapohapo, mwenye vyumba sita na sheria zisizohesabika. Mojawapo ilikuwa ya baraza. Mama mdogo alipewa baraza auzie chai na chapati kwa sharti moja: lisilale. Likilala asubuhi tatu bila mteja, bibi analitoa kwa mwingine, kwa sababu, alisema, baraza tupu linaifanya nyumba ionekane ina msiba usiotangazwa. Na huyo mwingine alikuwepo. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, aliyekaanga maandazi uchochoroni penye matope, na kila asubuhi alilitazama baraza letu kama mgonjwa anayetazama mlango wa zahanati akisubiri zamu yake.

Kisha sukari ikapotea mjini. Ulisimama foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na kikaratasi cha balozi wa nyumba kumi mkononi, ukaondoka na sabuni, au na habari kwamba labda keshokutwa. Wateja wakaanza kuja na sukari zao wenyewe, kijiko kimoja kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, kimefichwa mfuko wa shati kama hirizi. Asiye nayo alikunywa hivyohivyo akikunja uso. Fundi aliendelea kukoroga kikombe kisicho na kitu. Nilipomuuliza anakoroga nini, akasema anaukumbusha mkono.

Katikati ya hayo ikaja salamu kutoka Lindi kwamba bintiye mama mdogo, mimba yake ya kwanza, amekaribia. Mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake siku arobaini. Hilo halina mjadala, hata kama una baraza Kariakoo.

"Pika kama ninavyopika mimi," aliniambia akifunga kikapu. "Usiongeze, usipunguze. Watu wa baraza hawafuati chai, wanafuata mazoea. Ukiwavunjia mazoea, nikirudi nitakuta baraza la mtu."

Nikaitikia ndiyo mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina darasa la saba langu, na maneno ya wakubwa yaliingia sikioni yakatoka bila hata kuomba maji ya kunywa. Tena nilikuwa mtu wa ndoto. Nikienda kuchota maji, hadi ndoo ijae nimeshafungua duka la vioo Mchafukoge. Nilikuwa nimelijenga duka hilo mara tatu, na tatizo lililobaki, kwa maoni yangu, lilikuwa mlango uelekee wapi.

Sasa, dereva. Huyu aliwaendesha wataalamu wa Kichina waliokuwa wakijenga reli, na kila mwisho wa mwezi walimpa zawadi ya kopo la majani ya chai. Kopo jekundu, limechorwa ndege mwenye mkia mrefu na maandishi ambayo hakuna aliyeyajua mtaani. Chini ya kitanda chake yalijaa. Moja alilitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Siku moja, akinisimulia maisha ya kazini, akataja kwamba watu wale wanakunywa chai kutwa nzima, bila maziwa wala sukari.

"Bila sukari?" nikauliza.

"Hata chembe."

Mama mdogo hajafika hata Rufiji na mimi nimeshabadilisha biashara yake. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno: mji hauna sukari, hii ni chai isiyotaka sukari, kwa hiyo mji mzima utakuja kwangu. Mpaka leo sioni kosa katika hesabu hiyo. Kosa lilikuwa kwa binadamu. Nikakubaliana na dereva: kila kopo moja, chapati ya asubuhi wiki nzima.

Kwanza niliipika kama ninavyojua chai inapikwa. Nikatia majani viganja viwili kwenye sufuria, tangawizi, hiliki, maziwa, nikaichemsha mpaka ikanyamaza yenyewe. Ikatoka rangi ya maji ya kufulia soksi. Dereva alipiga funda moja, akakiweka kikombe chini polepole, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea. Ndipo akanieleza wenyewe wanavyofanya: wanatia maji ya moto juu ya majani machache, wanafunika, wanasubiri.

"Wanasubiri nini?"

"Wala sijui. Wale kila kitu wanasubiri."

Nikasubiri. Nilipofunua, harufu iliyotoka ilinisimamisha. Ndani ya majani mlikuwa na maua, madogo meupe yaliyokaushwa, na yale maua yalikuwa asumini. Chumba kizima kilinukia. Nikajiambia, hakika hii ni bahati iliyokuja na manukato yake. Nilikichukua kipande cha chaki, nikaandika ukutani kwa herufi kubwa za darasani: CHAI YA KICHINA, HAITAKI SUKARI. Nikarudi nyuma hatua tano kulitazama tangazo langu, nikaona mwandiko wangu haujapata kutumika kwa jambo kubwa zaidi.

Asubuhi ya kwanza walinitazama mimi, wakakitazama kikombe. Fundi aliuliza kama chai hii imefuliwa, mbona imepauka. Mchukuzi mmoja akasema anaona mpaka chini ya kikombe, na yeye hajazoea kuona chini kabla hajanywa. Nikawahutubia. Niliwaambia habari za kujitegemea, nikawaambia wenzetu wanatoboa milima kusini huko kwa chai hii hii bila sukari, nyinyi mnashindwa kubeba magunia?

"Wale wana mashine, dada," mchukuzi akasema. "Gunia nabeba mimi."

Lakini walikunywa, kwa sababu nyeusi isiyo na sukari ilikuwa imewachosha na hii angalau ilikuwa na kisa. Siku ya pili wakanywa tena. Siku ya nne fundi aliomba kikombe cha pili, akakaa nacho macho nusu yamefumba. Nikaanza kumtazama yule mama wa maandazi kwa huruma, huruma ya tajiri kwa maskini. Duka la Mchafukoge likapata mlango. Nikaamua uelekee Mnazi Mmoja, watu wakitoka kwenye mikutano waingie moja kwa moja.

Siku ya sita wachukuzi hawakuja. Siku ya saba alikuja dereva peke yake, naye alikuwa anadai chapati. Siku ya nane fundi alipita upande wa pili wa barabara, amegeuzia uso madukani kama vile siku hiyo ndiyo ameyagundua. Nikamwita, akaniitikia kwa mkono bila kugeuka. Asubuhi ya kwanza baraza likalala.

Nilijua sababu mara moja. Ni yule mama wa maandazi. Amekwenda kwa mtu, amenifanyia. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba wateja wote walikuwa kwake, naye sasa anawapikia na chai. Aliponisalimu jioni ile sikumjibu. Nilimwaga maji ya chumvi kizingitini, nikasoma kila nilichokikumbuka kutoka chuo cha Kurani, na kwa kuwa nilikuwa mtoro wa chuo, nilisoma kwa kurudiarudia. Asubuhi ya pili baraza likalala tena. Bibi mwenye nyumba alitoka, akalitazama, akanionyesha vidole viwili, akarudi ndani. Nilimwona mama mdogo kule Lindi, mikono kwenye maji ya moto, anamkanda mwanawe, anaamini huku nyuma kuna mahali pake.

Mchana huo alikuja mke wa fundi. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, kanga mbili zilizonyooka, na mimi kwa akili zangu nikadhani amekuja kuagiza chai ya shughuli. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akakaa.

"Nipe kikombe. Tena ile ile anayokunywa mume wangu."

Nikamtilia. Hakunywa. Alikisogeza kikombe puani akakaa nacho muda mrefu, nikahofu ameona nzi. Mara mabega yakaanza kumtikisika. Nilifikiri analia, nikamshika mkono nikamwambia pole mama. Kumbe anacheka, anacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanga.

"Kumbe kweli ni chai," akasema. "Mwanangu, siku tano mfululizo mume wangu anarudi mchana ananukia asumini. Siku ya tano nikaliona ua lenyewe kwenye masharubu. Namuuliza, ananiambia chai. Mimi nimeolewa miaka kumi na tisa, uongo nimeusikia wa kila aina, lakini huo wa chai niliuona ni wa dharau."

Mimi, mtoto wa pwani, niliyelelewa kati ya wanawake waliosokota vikuba vya maua, ninayejua kwamba asumini ni ya nywele za bi harusi na shuka za kitanda chake, nilikuwa nimeinusa wiki nzima na sikunusa kitu ila biashara. Niliwanywesha wanaume wa watu kila asubuhi harufu ya chumba cha fungate, kisha nikawarudisha kwa wake zao. Mke wa fundi akanieleza mengine. Mchukuzi mmoja alilala siku mbili kwa kaka yake Buguruni. Mwingine aliapishwa kwa msahafu. Wote walisema chai, na jinsi walivyosema wote neno moja ndivyo wake zao walivyozidi kuamini kwamba wamepanga. Na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuja kuniambia, maana mtu mzima atamwambiaje msichana jambo kama hilo?

Nikamweleza habari ya baraza na asubuhi ya tatu. Akaacha kucheka. Aliahidi kumrudisha mumewe.

Asubuhi ya tatu nililifuta tangazo langu ukutani, nikapika chai nyeusi tii, kama nilivyoagizwa na mama mdogo, wala sikuongeza wala sikupunguza. Lakini mke wa fundi alikuwa amewasimulia wenzake, na kufikia alfajiri mtaa mzima ulijua. Wanawake walikaa madirishani kuwasubiri wanaume wa asumini. Fundi alijitokeza kwenye kona, akavisikia vicheko, akasimama. Namwona mpaka leo, mguu mmoja mbele. Akageuka akaenda zake. Chai yangu nzuri ikapoa. Jua lilipofika kwenye kizingiti bibi mwenye nyumba akatoka.

"Limelala," akasema.

Alasiri karai la maandazi lilikuwa barazani kwetu.

Mimi nilikuwa uani nimekaa juu ya ndoo, nimejifunika kanga kichwani, nikitunga barua kwa mama mdogo ambayo haikuvuka "Natumai u mzima." Hapo ndipo alipoingia mke wa fundi na wenzake wawili, mke wa yule mchukuzi aliyelala Buguruni akiwa mmojawapo, wakataka chai. Niliwaambia hakuna baraza. Wakasema nani atakaa barazani, wao ni wanaume? Wanataka ile ya asumini, hapo hapo uani, tena ndiyo saa yenyewe, kazi zimeisha na magharibi haijaingia.

Nikawatilia kwenye vikombe vya bati. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amejifanya anaanua nguo, akapita, akanusa, akarudi. Akasema kikombe kikubwa hivyo ni cha mtu mwenye kiu, kitu chungu chenye harufu hunywewa kidogokidogo, kama kahawa, na huwekewa kitu cha kutafuna pembeni. Alitoa kabatini mwake vikombe vidogo vya kahawa ambavyo mimi, miaka miwili katika nyumba ile, sikuwahi kuviona. Siku ya pili mmoja akaja na kashata za nazi zilizopikwa kwa sukari guru, na pale ndipo chai ikakaa mahali pake. Unauma kidogo, unapiga funda, uchungu unaufuata utamu. Nilikuwa nimewauzia wanaume wiki nzima kitu ambacho nilikiita kwa jina sahihi na kukiandaa kwa njia ya mtu mwingine.

Wakafika sita, wakafika kumi. Majani yaliyotumika hawakuyamwaga. Waliyaanika, wakayatia kwenye masanduku ya kanga. Kuna waliobeba majani mapya kwenda kuwatilia waume zao usiku, kwa heshima yake, na nasikia hata yule aliyeapishwa kwa msahafu aliulizia kama yapo mengine. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza mkutano huu wa wanawake kila alasiri ni wa nini, nani kautolea kibali. Bibi, bila kupepesa, akamwambia ni darasa la elimu ya watu wazima, na mwalimu ni huyu hapa. Kwa hiyo wiki mbili nzima nikawa nawafundisha ba, be, bi, kwa kipande kile kile cha chaki, na balozi akija ghafla anawakuta wanaitikia. Bibi mwenyewe hakutaka ba. Alitaka nimsomee maandishi ya kwenye kopo. Nikamwambia yanasema "karibuni," na Mungu anisamehe.

Nilikuwa na biashara. Sikuwa na baraza. Kila jioni nilikumbuka vyote viwili.

Mvua iliikata barabara ya kusini, na mama mdogo akarudi siku arobaini zikiwa zimepita kitambo. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama upande wa pili wa barabara, kikapu cha korosho kichwani, akalitazama baraza, karai, wateja wake, mwanamke yule. Kisha akavuka. Alimsalimu vizuri, akamuuliza hali ya watoto, akanunua andazi moja, akaingia nalo ndani mkononi.

Alikaa kitandani hata ushungi hajavua. Nilikuwa na hotuba niliyoitayarisha wiki mbili, iliyoanza na hali ya sukari nchini. Nilifika "kama unavyojua, mama, hali ya nchi," akainua kiganja.

"Walinitafuta?"

"Nani, mama?"

"Watu wangu. Wa barazani."

Hotuba nikaiacha. Nikamwambia ukweli. Fundi aliuliza kila asubuhi anarudi lini, wachukuzi walituma salamu, na hayo yalikuwa ya siku za mwanzo, kabla sijawafukuza. Nikamweleza yote, asumini, ua, asubuhi tatu, na kwamba sikumjibu salamu mama wa maandazi. Nililia, si kwa ustadi. Alisikiliza huku akila andazi. Alipofika nusu akanipa nusu iliyobaki.

"Amezidisha hamira," akasema. "Lakini kazi anaijua."

Alasiri nikampeleka uani, nikamkabidhi kikombe cha kwanza mbele ya wote. Akakinusa, akampitishia mke wa fundi. Alisema yeye hanywi maua. Na mpaka mwisho hakuyanywa, ila siku ya tatu alikuwa ameshapanga nani akae wapi, chapati zikatwe vipande vingapi, na nani asitiliwe tena mpaka aache umbea. Tuliendelea hivyo mpaka reli ikafika ilikokuwa inakwenda, wataalamu wakarudi kwao, na makopo mekundu yakaisha chini ya kitanda cha dereva. Duka la vioo halikujengwa. Mlango wake nimeusamehe.

Ila asubuhi ile ya kwanza baada ya mama mdogo kurudi, niliamka kabla ya adhana, mara ya kwanza na labda ya mwisho maishani mwangu. Yeye alikuwa amelala, mara ya kwanza niliyomwona amelala saa hiyo. Nikachukua fagio nikatoka barazani peke yangu. Nikafagia kutoka ukutani mpaka ukingoni, nikanyunyiza maji vumbi litulie, nikasugua kwa majivu mahali mafuta ya karai yaliporukia saruji. Jiko la mama wa maandazi lilikuwa nyuma ya mlango wa mbele, bado lina majivu ya jana. Nikayamwaga. Nikampangia mkaa, vipande vidogo chini, vikubwa juu, nikaacha nafasi katikati ya kupitisha kibiriti, nikarudi ndani kabla mtu hajapita.